Sauti Iliyobaki Uani

"Wewe mbwa, huna hata chembe ya haya! Sufuria lote umelamba, bado unanikodolea macho. Nimekula cha kwenu?"

Sauti hiyo ilitoka uani, nyuma ya jiko, na ilikuwa sauti ya Tumpe Mwakibete. Jirani yeyote wa kitongoji kile cha juu ya Tukuyu angeapa kwamba ni yeye: ukali ule ule, kelele zile zile za mtu aliyefanya kazi kwenye kituo cha umeme wa mvuke mpaka masikio yakachakaa. Taabu ilikuwa moja tu. Tumpe mwenyewe alikuwa ndani, amelala chali kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umetulia juu ya blanketi kama mzigo wa mtu mwingine, na tangu alipoanguka hakuwa ametamka neno hata moja lililonyooka.

Alisikiliza. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kusikiliza. Akasikia mabuti yake ya mvua yakikanyaga changarawe, guu la kushoto likiburuta kidogo kama linavyoburuta lake. Akasikia mkia ukigonga ndoo, pa, pa, pa. Mkia huo aliujua. Ulikuwa wa Mtajiju, mbwa wake, na ulikuwa mkia wenye furaha.

"Limeanza tena hilo dude," alisema Lugano, akiingia na bakuli la uji.

Lugano ni mdogo wake Tumpe, wa tumbo moja, mwanamke wa Kyela mwenye mashamba ya kokoa na mdomo usiojua likizo. Hospitali ilipompigia simu alipanda mlimani hivyo hivyo na kanga moja, akakaa na dada yake wodini, akarudi naye nyumbani, na hakuwa ameteremka tena. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaanza kupuliza uji.

"Dada, nakwambia ukweli, mwili unanisisimka. Niko hapa nakupangusa mate, huku nakusikia kule nje unatukana. Kama huo si mzuka ni nini?"

Tumpe alitaka kumwambia kwamba si mzuka, ni mashine, tena ameiagiza yeye mwenyewe kwa akili zake timamu. Kinywani likatoka "ba." Kila alichotaka kusema siku hizo kilitoka hivyo hivyo, kiwe salamu au matusi.

"Ba nini? Wa moto?"

Lugano akampa kidole chake cha shahada katika mkono wa kushoto, ule mzima. Ndivyo daktari alivyowafundisha: kubana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Tumpe akabana mara mbili, akafungua kinywa, akanywa uji wake akiisikia sauti yake kule nje inavyomsimulia mbwa habari za mvua.

Hapa itabidi turudi nyuma kidogo, la sivyo msomaji atadhani ni uchawi.

Miaka ile mtu hakuwa tena na uhuru wa kufa na kuacha mbwa ovyo. Baada ya mafuriko makubwa, watu walipohama mabondeni na kuacha kila kitu, mbwa waliunda magenge, wakala mbuzi, mwishowe wakaanza kuwazengea watoto wa shule. Serikali ikapitisha sheria. Mwenye mnyama aseme mapema atakayemlea akifa au akishindwa; asiposema, bwana mifugo wa kata anakuja na sindano, na sindano hiyo si ya chanjo.

Tumpe hakuwa na mume wala mtoto. Nyumba aliijenga peke yake kwa kazi yake ya mitambo, na watu walisema wee, mwanamke gani anajenga peke yake, hela katoa wapi. Hakuwajibu. Alichukua mtoto wa mbwa akampa jina la Mtajiju, na kila jioni alisimama getini akamwita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Wenye akili walielewa: mtajijua wenyewe. Lakini daktari alipomwambia kwamba moyo wake umechoka na mbwa bado kijana wa miaka minne, utani ule uliisha ladha. Majirani aliowaomba wamchukue walikataa, kwa sababu Mtajiju alikuwa na kesi ya bata wawili. Lugano naye alisema kwa simu kwamba mbwa yule na kuku wake hawapikiki chungu kimoja.

Ndipo Tumpe akaita watu wa Kivuli.

Aliyekuja alikuwa Ipyana, mwanamume mpole mwenye mvi za mapema, na kasha refu mgongoni mwa gari. Ndani ya kasha mlikuwa na kitu cha kimo cha mtu: mifupa ya mianzi iliyokaushwa, mota ndogo za umeme magotini na viwikoni, na uso mtupu kama sahani. Tumpe alikizunguka, akakigonga magoti kwa kifundo cha kidole, akauliza mafuta yanawekwa wapi. Fundi ni fundi tu.

"Mbona hakina macho?"

"Mbwa hasomi sura, mama," Ipyana alimjibu. "Anasoma harufu, mwendo, sauti, na saa ya chakula. Nguo zako utakazovaa tunazifunga kwenye mifuko, tunachukua harufu. Vipimo vya mwendo tunakuvisha miguuni. Sauti tunaichukua unapoongea naye. Baada ya hapo Kivuli kinajifunza kuwa wewe. Siku ukiondoka, chenyewe kinatoka kabatini. Kinampikia, kinamwogesha, kinamgombeza. Kinadumu miaka kumi na mitano. Mbwa anazeeka, anakufa, hajui kwamba ulishaondoka."

"Hajui kabisa?"

"Kabisa. Ila kuna sharti moja. Asikunuse ukiwa maiti. Akikunusa tu, mbwa hakikubali tena Kivuli maisha yake yote. Tumejaribu kila njia, imeshindikana."

Tumpe aliona ni sharti jepesi. Nani anapeleka mbwa kunusa maiti?

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Siku ya kuchukuliwa sauti Tumpe aliamka akaoga maji ya moto, akajipaka poda, akavaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kisigino kifupi. Akatoka uani anatembea kama bibi harusi, akasema kwa sauti ya chini, ya kwenye redio, "Mtajiju, mpenzi, karibu chakula." Mbwa alimtazama, akarudi kinyumenyume, akaingia chini ya tangi la maji. Kivuli kilichojifunza kwa siku ile nacho kilipomwita hakutoka. Alitoka usiku, akauma gumboti.

"Mama," Ipyana alisema akijizuia asicheke, "huyu mbwa anadhani kumekuja mgeni rasmi."

"Sasa wewe umesema mnanirekodi. Nitoke na matambara?"

"Toka na matambara, mama. Na kama huwa unamtukana, mtukane."

Basi akamtukana kwa raha zake, siku baada ya siku, amevaa sweta lenye matundu na mabuti ya matope, vipimo vimefungwa miguuni. Akampigia kelele za mitambo. Akamsimulia habari za mvua na za watu wasio na adabu. Kivuli kilipojaribiwa tena, Mtajiju alikirukia kifuani, akakilamba ule uso wa sahani, na Tumpe, aliyekuwa amejificha kwa jirani akichungulia uani, aliinua mikono juu akamshukuru Mungu. Mbwa wake hatachomwa sindano. Hatalala na njaa wala hatalia.

Lilibaki swali moja la kupanga, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

"Na ikitokea, mama," Ipyana alisema taratibu, "hujafa, lakini umelala kitandani. Huongei, huinuki. Tufanyeje?"

Tumpe alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Mwanangu! Usinichulie!"

"Ni swali tu, mama."

"Swali gani hilo? Kufa sawa, kila mtu atakufa. Lakini kulala kitandani kama gogo, huo ni uchuro. Ishindwe! Lirudishe hilo swali huko lilikotoka."

Ipyana alikuwa mtu wa huko huko. Mama yake mwenyewe angejibu vivyo hivyo, tena angemtemea mate pembeni. Hakusisitiza. Aliliruka swali, akanywa chai yake, akaondoka. Na swali likirukwa Kivuli hakikai kusubiri. Kinafuata mazoea yake. Mwenye mbwa akishindwa kumlisha siku mbili mfululizo, kinatoka kabatini, na mlango wa uani unafungwa.

Kwa hiyo Tumpe alipoanguka jikoni, kipimo cha moyo alichovaa mkononi kikaita gari la wagonjwa, gari likamchukua, na siku ya tatu Kivuli kilitoka kikavaa mabuti. Aliporudishwa nyumbani alipitishiwa mlango wa mbele. Daktari alikuwa ameshamwambia Lugano pembeni kwamba kiharusi kingine kitakuja, na hakitachelewa. Ipyana naye alikuwa amesema kwa simu: mlango wa uani usifunguliwe.

Siku zikaenda hivyo, mvua juu ya bati, uji, dawa, kugeuzwa ubavu. Siku za mwanzo Tumpe alitega sikio mlangoni. Alimjua Mtajiju, zamani hata akijifungia chooni kidogo tu, mbwa alikwangua mlango kama mdai. Akangoja kusikia kucha zake. Hazikuja. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa iliuma kuliko mkono. Mbwa hamtafuti kwa sababu kwake Tumpe hajapotea. Yupo pale uani, anapika ugali wa dona na vichwa vya dagaa, anatukana. Atamtafuta nani?

Wivu ukampanda. Tena wivu wa nani? Wa yeye mwenyewe! Alijaribu kujicheka kwa hilo, mdomo ukakataa, yakatoka machozi.

Lugano aliyaona. "Unaumwa?" Mara mbili. "Njaa? Haja?" Mara mbili, mara mbili. Lugano akataja kila kitu, shuka, baridi, mto, mchungaji, mpaka akanyamaza, akasikiliza kelele za nje, akamtazama dada yake.

"Ni mbwa?"

Tumpe akabana mara moja.

"Unamtaka mbwa aje humu."

Akabana mara moja. Kisha, polepole, akabana tena. Ndiyo na hapana.

"Ngoja nimpigie yule kaka," Lugano alisema. "Mambo haya yamenishinda."

Ipyana alifika kesho yake asubuhi, amelowa, akavua viatu mlangoni. Alimwamkia Tumpe kwa heshima zote, "Shikamoo, mama," akasubiri, na ilipotoka "ba" aliipokea kama marahaba. Halafu akaketi kwenye kigoda.

"Kosa ni langu, mama. Lile swali ningelirudia. Niliogopa."

"Mliogopa wote wawili," Lugano alidakia. "Sasa tueleze. Tukifungua huu mlango itakuwaje?"

"Atamnusa. Mama hajafa, lakini ana harufu ya dawa, ya ugonjwa. Mbwa atajua kwamba mwenye nyumba yuko huku na anaumwa, na yule wa nje si yeye. Kivuli kitakuwa kimekwisha, hakuna kukirudisha. Halafu ataanza kuomboleza, mama akiwa bado yupo, na siku ile ikifika ataomboleza tena." Alikuna kidevu. "Nimeona mbwa waliofiwa. Wengine wanapona. Wengine wanagoma kula mpaka wanakufa. Siwezi kuwadanganya."

"Na tusipofungua?"

"Anaishi kama anavyoishi sasa. Mnamsikia wenyewe."

Walimsikia. Alikuwa anakimbiza kitu, pengine kunguru, na sauti ya Tumpe ilikuwa inamshangilia.

"Kaka, nikuulize," Lugano alisema. "Hili dude mngeweza kumwekea mtoto aliyefiwa na mama yake?"

"Hapana, dada. Kwa mtu ni jinai. Unafungwa."

"Kwa mbwa?"

"Kwa mbwa ni huduma." Ipyana alitazama chini. "Na mimi swali hilo huwa linanijia nikiwa barabarani."

Tumpe alikuwa anamkumbuka mama yao. Lugano alikuwa mchanga, hawezi kukumbuka, lakini Tumpe alikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka. Mama alipofariki watoto walipelekwa kwa shangazi, wakaambiwa mama amesafiri, kama watoto wote wanavyoambiwa. Atarudi na zawadi. Na Tumpe aliamini. Alicheza, akanenepa kwa shangazi, akapanga zawadi ile itakuwa nini. Ukweli ni kwamba miezi ile alikuwa na furaha. Mtu asiseme hakuwa nayo. Alikuja kuambiwa na mtoto mwenzake, kwenye ugomvi wa kuruka kamba, kwamba mama yako ameoza zamani, wewe unaruka tu. Hakulilia hata kifo kwanza. Alilia kwa kuwa siku wanamfukia mama yake, yeye alikuwa anacheza.

Lakini Mtajiju hataambiwa na mtu. Hakuna mtoto wa kumchongea. Kivuli hakichoki wala hakikosei, na mbwa hatakuja kujua mpaka anakufa. Basi ubaya uko wapi? Tumpe aliligeuza hilo kichwani kama boliti iliyokataa kuingia, na kila alipoligeuza alikuta chini yake kitu kingine ambacho hakukipenda: alitaka mbwa amjie kwa sababu yeye mwenyewe ana upweke. Alitaka kunuswa. Alitaka mmoja duniani ajue kwamba hayupo tena kule uani. Huo ni ubinafsi, akajiambia, na hakuna haja ya kuupaka rangi.

"Jambo jingine," Ipyana alisema. "Kivuli kikikataliwa, mbwa atakuwa hana mlezi. Sheria mnaijua."

Lugano alikunja kona ya kanga yake, akaikunjua.

"Nitamchukua mimi," akasema.

Tumpe akamgeuzia jicho.

"Usiniangalie hivyo, dada. Kuku nitawajengea banda. Sijui kumbembeleza mbwa, sijawahi kumgusa mbwa, na huko Kyela joto litamtoa ulimi. Lakini chakula atakula na hakuna atakayemchoma sindano. Nimesema mbele ya huyu kaka. Sasa amua wewe mwenyewe. Mimi sitaki baadaye nilaumiwe."

Akampa kidole.

Tumpe alifumba macho. Uani sauti yake ilikuwa inauliza nani kamwaga maji, kana kwamba hakuna jambo duniani. Ilikuwa sauti nzuri, hakujua zamani kwamba ni nzuri. Akaiacha imalize. Mbwa yule alikuwa wake, na alimpenda, na alikuwa anaenda kumtia uchungu kwa makusudi; akalikubali hilo lote kwa pamoja, ubinafsi wake na ukweli wake, maana hakuweza kuvitenganisha. Halafu akabana mara moja.

"Una hakika?"

Mara moja.

Ipyana akainuka, akaenda akafungua mlango wa uani.

Baridi ikaingia, na harufu ya matope. Mtajiju alitokeza kichwa, manyoya yameshikana kwa mvua, akasimama kizingitini, mguu mmoja juu. Pua ikaanza kufanya kazi. Nyuma yake sauti ikamwita, "Mtajiju! Unakwenda wapi wewe?" na mbwa akageuka, akarudi nje mbio. Lugano akashusha pumzi. Tumpe aliona moyo wake unatoka naye. Basi, akajiambia. Basi, ameshachagua.

Lakini kucha zikarudi tena sakafuni, safari hii polepole. Alikuja mpaka kitandani. Akanusa blanketi, akanusa ule mkono uliokufa, kidole baada ya kidole, kwa muda mrefu kweli kweli. Akapandisha miguu ya mbele godoroni, akanusa mdomo uliokwenda upande. Sauti ikamtoka puani, nyembamba, ambayo Tumpe hakuwahi kuisikia kwake.

"Toka huko ndani, utachafua nyumba!" Kivuli kilikuwa kimefika mlangoni, ndani ya sweta lenye matundu. "We mbwa, huna adabu kab..."

Mtajiju aligeuka. Manyoya ya mgongoni yakasimama. Akajiweka katikati ya kitanda na mlango, akatoa meno, akaingurumia ile sauti aliyoifuata tangu utotoni mwake. Kivuli kikaanza upya, "We mbwa, huna adabu," kikapiga hatua, na mbwa akaruka. Ipyana alikiwahi kwa nyuma, akabonyeza kitu shingoni. Kikasimama. Mikono ikaning'inia.

Hapo nyumba nzima ikanyamaza, ikabaki mvua tu. Tumpe alilala akiusikiliza ukimya ule, na ndipo lilipomjia kwamba ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Hakuna atakayeisikia tena sauti yake, wala yeye mwenyewe. Alilia, na hakuona aibu kulia mbele ya mgeni. Ipyana alikibeba Kivuli mabegani, akakivua mabuti, akayapanga vizuri mlangoni, akaaga kwa sauti ya chini.

Yaliyotabiriwa yakatokea. Mtajiju aliingia chini ya kitanda, hakula mchana, hakula jioni. Kesho yake Lugano akampikia dona na dagaa kama alivyoona mashine inafanya. Mbwa aliinusa, akageuzia uso ukutani. Lugano akaongeza mchuzi. Akaweka yai. Siku iliyofuata aliketi chini kwenye sementi, miguu ameinyoosha, yeye ambaye mbwa akipita barabarani alihamia upande wa pili, akachovya vidole kwenye bakuli akavisogeza uvunguni.

"Kula basi, baba. Kula. Unataka nikuimbie? Mimi mwenyewe sijala kwa ajili yako. Dada, huyu anakufa mikononi mwangu, nifanyeje?"

Tumpe alikuwa anajua la kufanya, na hilo ndilo lililokuwa linamuua. Maneno yalikuwa yamejipanga yote kichwani, makali, ya kelele. Akavuta pumzi, akayasukuma.

"Ba! Ba-ba-baa! Baa!"

Ilikuwa sauti mbaya. Ilikwaruza kama gea iliyokosa mafuta, na mate yakaruka. Lugano alishtuka akamwaga mchuzi.

Chini ya kitanda kukawa na vurugu kidogo. Kikatoka kichwa, masikio juu. Mtajiju alimtazama Tumpe, yule wa kitandani, akamtazama sana. Halafu akajivuta mpaka kwenye bakuli, akaanza kula, taratibu, akimtazama kwa pembe ya jicho kama mtoto aliyegombezwa.

Lugano alibaki mdomo wazi. "Kumbe ulikuwa unamtukana!"

Tumpe akamtukana tena. Mbwa akala mpaka nusu. Iliyobaki akaiacha, akarudi uvunguni, akashusha pumzi ndefu ya huzuni ambayo hakuna tusi lingeweza kuiondoa. Atalia. Tumpe alijua hivyo sasa kwa hakika, kama alivyojua kwamba Kyela kuna joto na kwamba mdogo wake hana mkono wa mbwa. Hakujutia. Aliogopa kidogo, lakini hakujutia.

Mvua ilikuwa imepungua. Lugano alipangusa mchuzi kwa tambara, akanawa mikono, akaja akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Dada," akasema. "Sikuchulii. Lakini lile swali lazima mtu aliulize, na yule kaka hayupo, kwa hiyo naliuliza mimi. Siku ile ikifika. Watu watajaa hapa, wachungaji, majirani, wale wenye bata. Jeneza litakuwa pale sebuleni, watu wanapanga mstari wa kuaga. Huyu nimfungie jikoni, au nimwache apite na yeye kwenye mstari, akunuse?"

Tumpe alimkazia macho.

"Watasema nimechanganyikiwa. Waseme. Nimwache apite?"

Akampa kidole. Tumpe alikibana mara moja, akaendelea kukibana, hakulegeza, mpaka Lugano akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Basi, dada, nimesikia. Nimesikia! Niachie, utanivunja kidole."